Ndiyo ya Bi. Nyamizi

Sauti ya Dada Hima, mtambo wa simu za dharura, ilikuwa tamu, hilo hakuna aliyelikataa. Kanda ilichezwa, sauti ikatoka kwenye kuta za ukumbi wa Baraza la Kauli, Tabora mjini, ikawafikia hata watu waliokuwa wamening'inia madirishani kwa kukosa viti.

"Pole sana, Mama. Kipanga chetu kiko njiani kuja kwako. Naomba unijibu kwa ufupi. Mgonjwa hapumui?"

"Ndiyo! Ndiyo, mwanangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, inatetemeka.

"Asante, Mama. Mgonjwa hana fahamu?"

"Ndiyo! Njooni jamani!"

"Asante. Haitiki ukimwita?"

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Kabula! Kabula mwanangu!"

"Nimefurahi kusikia hivyo, Mama. Mgonjwa anapumua, ana fahamu, na anaitika. Kipanga kitarejea kituoni kwa ajili ya wenye dharura. Uwe na siku njema."

Mlio mdogo, kisha kimya. Bi. Nyamizi, mama aliyepiga simu, alikuwa bado anapiga kelele upande wake, lakini kinasa sauti hakikuona haja ya kunasa zaidi. Alipopiga tena aliambiwa shida yake imekwisha kuhudumiwa. Majirani walikiona kipanga chenyewe, ile ndege ndogo nyeupe isiyo na rubani inayobeba wagonjwa, kimefika juu ya mabati ya mtaa wa Isevya kabisa, kikasimama hewani, kikageuza. Kabula alikufa mikononi mwa mama yake kwa pumu, akiacha mtoto wa kike wa miaka minne anayeitwa Limi.

Tunu Kasubi alikuwa amekaa kwenye kiti cha msikilizaji, mbele kabisa, mikono ameikunja mapajani ili isitupe kitu. Aliisikiliza kanda ile jana, akaisikiliza tena asubuhi, na kila mara damu ilimpanda kichwani upya. Sheria ilitaka binadamu mmoja asikilize kila kanda yenye kifo kabla faili halijafungwa. Binadamu huyo kwa mkoa mzima alikuwa yeye. Kwa miaka yote aliyokikalia kiti kile aliletewa kanda za ajali na za moto, maswali yake yamenyooka na majibu yamenyooka. Hii ndiyo ya kwanza kumfikia ya namna hii. Ngapi zilifungwa kabla ya kumfikia, hakujua, na kutojua huko kulimnyima usingizi.

"Bi. Nyamizi Kasanda, simama," alisema Mwenyekiti, Mheshimiwa Mayunga Lutonja. Hakuwa mtu wa shari. Alizaliwa Isevya hiyo hiyo, na alipomwona mama wa watu anashika ubao wa kiti kujiinua, aliongeza kwa upole, "Polepole, Mama."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kichekesho cha kumliza mtu. Aliyeshitakiwa hakuwa Dada Hima. Aliyeshitakiwa ni Bi. Nyamizi! Kosa lake: kutoa kauli ya uongo kwa huduma ya dharura, na kusababisha kifo. Na mwenye kosa hilo kisheria hafai kulea mtoto. Limi alikuwa amekwisha kuandikiwa kitanda kwenye Nyumba ya Malezi, Dodoma, kwa watu asiowajua hata jina.

Maswali ya Baraza hayakuulizwa na Mwenyekiti. Yaliulizwa na Karani, mtambo uliotengenezwa na mafundi wale wale wa Dada Hima, tumbo moja mapacha. Karani aliuliza, akasikiliza, akaandika kwa herufi kubwa kwenye kioo kilichojaa ukuta wa mbele. Na kilichoandikwa kwenye kioo kile hakikufutika ila kwa amri ya Mwenyekiti iliyothibitishwa.

"Shikamoo, Mama," alisema Karani.

"Marahaba."

"Samahani kwa usumbufu. Hukutoa kauli ya uongo kwa Hima?"

Bi. Nyamizi alimtazama Mwenyekiti, kwa sababu hakuzoea kuongea na ukuta.

"Jibu tu, Mama," alisema Mheshimiwa Lutonja. "Ni neno moja tu."

"Ndiyo, baba," alisema Bi. Nyamizi. "Sikutoa. Nitadanganyaje na mwanangu anakata roho?"

Kioo kikaandika: MSHITAKIWA AMEKIRI.

Ukumbi ulilipuka. "Ebo!" "Amekiri nini?" "Hebu acheni hizo!" Mzee mmoja aliyeshika kofia mkononi aliipiga chini. Bi. Nyamizi, ambaye macho yake hayakusoma mbali, aligeuka huku na huku akiuliza wamesema nini, wamesema nini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Tunu alisimama. "Mheshimiwa, wewe umesikia. Mimi nimesikia. Watu wote humu wamesikia. Amesema hakudanganya!"

"Msikilizaji, kaa."

"Amesema *sikutoa*!"

"Nimesikia alichosema," alisema Mwenyekiti, na uso wake haukuwa na raha. "Lakini Baraza hili linahukumu kwa kilichoandikwa. Tutapumzika. Tunu, njoo ofisini."

*

Ofisini alimkaribisha kiti, akamkaribisha chai. Tunu alivikataa vyote viwili.

"Unajua wamekosea wapi?" alianza, bila hata kungoja mlango ufungwe. "Wale mafundi wa ng'ambo walipoanza kutengeneza huyu Dada Hima wao, waliambiwa Waswahili hawapendi kuulizwa kikavukavu. Waliambiwa sisi tukitaka maji tunasema 'huna maji hapo?', na salamu yetu yenyewe ni 'hujambo?' Wakasema vizuri, basi mtambo uulize kwa kukanusha, ndiyo adabu. Wamefundisha mtambo kuuliza kwa Kiswahili, na kujibiwa wakaacha kwa lugha ya kwao! Kwao ukiulizwa 'hapumui?' ukajibu ndiyo, maana yake anapumua. Sisi ndiyo yetu inamjibu muuliza: ndiyo, umesema kweli, hapumui."

"Najua, Tunu."

"Wajapani wangejibu kama sisi. Wafaransa wana neno zima la kumbishia aliyeuliza kwa kukanusha. Waayalandi, kwa lugha yao ya asili, hawana ndiyo wala hapana, wanarudia kitenzi tu. Kila watu na mdomo wao! Halafu mtu mmoja anakaa huko alikokaa, anaamua kwamba dunia nzima itajibu kama nyumbani kwao. Na juu ya hapo mtambo unachukua neno la kwanza tu na kutupa mengine, eti mwenye dharura huropoka, wasipoteze sekunde. Kuropoka! Mama anamlilia mtoto wake, mnasema anaropoka?"

"Nimesema najua." Mheshimiwa Lutonja aliweka kikombe chini. "Unadhani mimi nimezaliwa wapi? Mama yangu akiniuliza 'hujaoga?' nilikuwa namjibu hivyo hivyo."

Hilo Tunu hakulitarajia.

"Sasa nisikilize na wewe," aliendelea Mwenyekiti. "Nikiandika kwamba mtambo umekosea kwa Bi. Nyamizi, nimeandika umekosea tangu siku ya kwanza. Sheria iko wazi: mtambo wenye hitilafu ya kuhatarisha uhai unazimwa siku hiyo hiyo, hadi utengenezwe. Kuutengeneza ni miezi. Toka Sikonge mpaka Urambo hakuna gari la wagonjwa hata moja. Yaliuzwa, madereva wakarudi kulima. Wajawazito watabebwa na nini? Kaka yako Songoro, alipoumwa na nyoka, nani alimfuata kule porini?"

Kipanga ndicho kilichomfuata. Kaka yake yuko hai, ana watoto, kwa sababu siku ile swali halikuwa na ukanushi: Ameumwa na nyoka? Ndiyo. Neno lile lile.

"Kwa hiyo ni hivi," alisema Mwenyekiti, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujishawishi usiku kucha. "Ama mtambo una kosa, tunauzima, na watu wanakufa kwa kukosa kipanga. Ama hauna kosa, na tunawafundisha watu kujibu. Mpango uko tayari. Shuleni, misikitini, makanisani. 'Hujala?' 'Hapana!' Watoto watazoea mapema."

"Na Bi. Nyamizi?"

"Kanda ikifungwa bila kosa la mtambo, lazima kosa liwe la mtu."

"Ndiyo umchukulie mjukuu?" Machozi yalimtoka Tunu, na yalimuudhi, kwa sababu hayakuwa ya huzuni hata kidogo. "Amezika mtoto, umnyang'anye na mjukuu, kwa kosa la kujibu alivyofundishwa na mama yake? Basi afadhali ungemwambia ukweli kwamba umemtoa kafara."

"Utakuja kuulizwa swali moja mwishoni," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Fikiria na wale ambao hawajaumwa bado. Usijibu kwa hasira."

"Vipanga viruke," alisema Tunu ghafla. "Usizime chochote. Simu ikipigwa, kipanga kiende. Wajibu ndiyo, wajibu hapana, kiende mpaka mlangoni kwa mtu. Dada Hima aulize akipenda, lakini asikirudishe."

"Vipanga havitoshi."

"Havitoshi leo pia! Lakini hakitakuwapo kilichofika juu ya bati la mtu kikageuza."

Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Sheria ina majibu mawili, Tunu. Hilo lako la tatu halina mahali pa kuandikwa."

*

Waliporudi ukumbini, jua lilikuwa limeingia upande wa magharibi na watu walikuwa wanajipepea kwa pindo za kanga. Bi. Nyamizi alikuwa amekwisha kuambiwa. Alikaa amenyooka, macho makavu, kifurushi kimefungwa kwa kitambaa miguuni pake. Hakumtazama mtu.

"Msikilizaji Tunu Kasubi," alisema Karani. "Pole na kazi. Faili liko tayari kufungwa. Huna pingamizi na kumbukumbu hii?"

Pindo za kanga ziliacha kupepea.

Tunu alikuwa ameingoja sentensi ile tangu asubuhi, na bado ilimchoma. Tazama walivyomtegea! Mtambo ulikubali neno moja, ndiyo au hapana. Akisema *hapana*, watu wote watamwelewa: hapana, si kweli, ninalo pingamizi. Bi. Nyamizi atamwelewa. Lakini kioo kitaandika HANA PINGAMIZI, na Limi ataondoka kesho. Akisema *ndiyo*, kioo kitaandika ANALO, faili litabaki wazi. Na mama yule aliyekaa pale, asiyesoma maandishi ya mbali, atasikia kwa masikio yake mtu wa mwisho aliyekuwa upande wake akisema: ndiyo, sina pingamizi, mchukueni mtoto.

Angeweza kumweleza baadaye. Hilo lilimjia. Angesema ndiyo ya mtambo, akashinda, kisha akamshika mama wa watu mkono nje ya mlango akamwambia Mama, nilikuwa nasema kinyume. Na siku hiyo angekuwa amekwisha kuwa mwanafunzi wa kwanza wa ule mpango wa shuleni. Kesho na keshokutwa kila mtu wa Tabora angebeba ndiyo mbili mdomoni, moja ya watu na moja ya mtambo, na mama mwingine aliyechanganyikiwa angetoa isiyo yenyewe. Moyo ulikataa kabisa.

"Msikilizaji," alirudia Karani, sauti tamu ile ile. "Huna pingamizi?"

"Bado," alisema Tunu.

Kioo kilimetameta, hakikuandika kitu.

"Samahani, sijaelewa. Huna pingamizi?"

"Bado."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Bi. Nyamizi aliinua kichwa. Neno hilo nani halijui? Umeolewa? Bado. Umepona? Bado. Hata bibi kizee asiye na jino, ukimwuliza kama amezaa, kama hakuzaa atakwambia bado, kwa sababu mwenye kufunga mlango ni Mungu peke yake.

"Tunu," alisema Mwenyekiti. "Huo si utaratibu."

"Utaratibu unasema nisipojibu, faili halifungwi. Na nisipotoka kwenye kiti hiki, sijakubali. Nimesoma, Mheshimiwa. Sitoki. Mpaka vipanga viambiwe viruke, na kosa la huyu mama lifutwe."

"Utakaa mpaka lini?"

"Nitakaa."

Akakaa. Mwenyekiti naye, kwa kuwa hakuweza kufunga kikao, alikaa. Watu hawakutoka. Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa. Karani aliuliza tena na tena, hachoki wala haoni haya, na Tunu akamjibu bado, bado, mpaka koo likamkauka. Njaa ilimsokota. Tangu chai ya asubuhi hakuweka kitu mdomoni, na ile chai aliyoikataa ofisini alianza kuikumbuka.

Ndipo Bi. Nyamizi alipoinuka. Aliokota kifurushi chake, akatembea taratibu mpaka kwenye kiti cha msikilizaji, askari wa mlangoni akimtazama Mwenyekiti ajue afanye nini. Mwenyekiti alimwashiria amwache apite. Mama alikiweka kifurushi mapajani kwa Tunu. Kilikuwa kimepoa, lakini harufu ya mlenda bado ilipita kwenye kitambaa. Alikuwa amekipika alfajiri kwa ajili ya njiani, hakujua kikao kitaisha saa ngapi.

"Hujala, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," alisema Tunu.

Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu yeyote. Na Karani, ambaye kazi yake ni kusikiliza kila kinachosemwa mbele ya Baraza, alisikiliza.

Kioo kikaandika: MSIKILIZAJI AMEKULA.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha macho yalishuka kutoka kwenye kioo hadi mapajani kwa Tunu, kwenye kifurushi ambacho fundo lake lilikuwa halijafunguliwa, yakapanda tena kwenye kioo. Minong'ono ilianzia madirishani. "Amekula wapi?" "Jamani, si bado kimefungwa!" Mzee wa kofia alianza kucheka kicheko kibaya, cha mtu anayelia.

"Mheshimiwa," alisema Tunu, na hakuinua sauti. "Soma. Halafu tazama chakula changu."

Mheshimiwa Lutonja alisoma. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Kumbukumbu ya Baraza ilikuwa na sauti, ilikuwa na picha, na sasa ilikuwa na uongo wake yenyewe, wazi, mbele ya watu, na ikifungwa hivyo itasomwa na kila mwenye kukata rufaa kutoka Sikonge mpaka Urambo.

"Karani," alisema kwa haraka. "Futa maneno hayo."

"Sawa, Mheshimiwa. Naomba uthibitishe. Hutaki maneno hayo yabaki?"

"Ndiyo!" alifoka Mwenyekiti.

Kioo kikaandika: YATABAKI. MWENYEKITI AMETHIBITISHA.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mheshimiwa Mayunga Lutonja, mtoto wa Isevya, alibaki ameukodolea macho ukuta ule. Bi. Nyamizi alimgeukia Tunu akamwuliza kimeandikwa nini, na Tunu akamsomea, neno kwa neno.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeuka, akamtazama Mwenyekiti kwa muda mrefu, bila hasira.

"Mheshimiwa," alisema Karani kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Huna la kuongeza?"

Mwenyekiti alifungua mdomo, akaufunga kwa kiganja.

"Jibu tu, baba," alisema Bi. Nyamizi. "Ni neno moja tu."